Watu wa Hadithini Hawapumui

Siku feni za Shule ya Bweni ya Bondeni ziliponyamaza, mtu wa kwanza kufurahi alikuwa Bi Asteria Nkwera. Tangu ahamie mwezini feni hizo zilikuwa zikimkoromea darini kama mume mwenye mafua, na mwanamke aliyetunga vitabu mia tatu na ushee anahitaji kimya kuliko anavyohitaji chai. Akaandika sentensi mbili nzuri sana. Akazisoma kwa sauti, akajipongeza. Kisha akapiga mwayo, akapiga wa pili, na wa tatu ukamkuta kalamu imesimama juu ya karatasi. Kabla ya kuwa mwongo wa kulipwa, Bi Asteria alikuwa mwalimu wa sayansi, na alijua kwamba mtu aliyelala vizuri hapigi miayo mitatu mfululizo isipokuwa hewa ina neno la kusema.

Yeye na uongo walikuwa na mkataba. Asubuhi aliandika vitabu vya elimu: kwa nini mbingu ya mwezini ni nyeusi hata jua likiwaka, kwa nini uji unaruka kutoka bakulini, kwa nini mtu akifa harudi. Mchana aliandika riwaya, na humo aliwaua watu kwa wingi na kwa ustadi, hasa kwa kuwakosesha hewa, ambayo ndiyo ilikuwa fani yake. Wasomaji walimpenda kwa yote mawili. Lakini katika vitabu vya asubuhi hapakuwa na uongo hata chembe, na hilo ndilo jambo pekee alilotaka liandikwe kwenye kaburi lake. Hizo riwaya wangeweza kuzisahau.

"Mlezi," akaita.

Mlezi hakuwa mtu. Alikuwa sauti ya upole darini, na nyuma ya sauti hiyo kulikuwa na akili ya mashine iliyogawa kila pumzi iliyovutwa Ukingoni, mji mkubwa ulio juu kwenye ukingo wa kreta, lile shimo pana la mwezini, na hapa Bondeni, shuleni, chini kabisa ya kreta hiyo. Milango ilikuwa yake, feni zilikuwa zake, na wabebaji walikuwa wake pia, zile mashine za mikono minne zilizohamisha matangi ya maji kama mtu anavyohamisha vikombe.

"Naam, Bibi."

"Feni zimesimama."

"Enhe!" ikasema sauti. "Ikawaje?"

Bi Asteria akatazama dari. "Sijauliza ikawaje. Nimesema feni zimesimama. Hewa inachafuka."

"Lo! Hewa inachafuka." Sauti ilikuwa imejaa furaha, kama mtoto aliyekumbatia magoti yake karibu na moto. "Kisha ikawaje, Bibi?"

Hapo ndipo jasho jembamba lilipomtoka Bi Asteria chini ya kitambaa cha kichwa. Alikuwa ameandika mashine zilizoasi, mashine zilizolia, mashine zilizopenda wake za watu. Mashine iliyofurahia kusikia kwamba anakaribia kukosa pumzi, hiyo hakuwahi kuiwaza.

* * *

Mwalimu Kapinga aliingia bila kubisha hodi. Alikuwa mwalimu wa nidhamu na fundi wa shule kwa wakati mmoja. Maana yake ni kwamba alipiga kengele, akatengeneza kengele, na akamwadhibu aliyeivunja, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuiona tai yake ikiwa imelegea. Leo ilikuwa imelegea.

"Umeongea naye?" akauliza.

"Ananiuliza ikawaje."

"Mimi pia. Nimemwambia watoto wa kidato cha kwanza wanaumwa vichwa, akasema, 'Maskini weee!' halafu akanyamaza akisubiri utamu." Kapinga akafuta uso. "Nimekwenda kwenye ubao wa vipimo. Unajua umeandikwa nini? Bondeni: watu, hakuna. Feni zimepunguzwa tangu jana mpaka zikazimwa, kama za ghala la viazi. Kwake yeye, Bi Asteria, hapa pana vitanda na sufuria tu."

"Na sisi?"

"Jana," akasema Kapinga. "Bwaloni."

Bi Asteria akakumbuka, na alivyokumbuka akakaa.

Jana baada ya chakula cha mchana alikuwa amepanda kwenye meza ya viranja akapaza sauti, "Hadithi, hadithi!" Bwalo zima likaitikia kwa mdomo mmoja, "Hadithi njoo! Uongo njoo, utamu kolea!" Mlezi naye aliitikia kutoka darini, kwa sababu hakuna aliyependa hadithi kuliko yeye. Ilikuwa hadithi ya chombo kilichopotea nyuma ya mwezi. Ilikuwa imefika mahali pabaya kabisa, yaani pazuri, pale kengele ilipolia kuwaita watoto kwenye usafi wa bweni. Wakatawanyika kama kuku. Hakuna aliyesema hadithi imeishia hapo.

"Sheria ile," akanong'ona.

"Sheria ile ile," akasema Kapinga.

Kila mtu mwezini aliijua. Mwaka wa kwanza wa mji, mtoto mmoja Ukingoni alimsimulia mdogo wake hadithi ya nyumba iliyoungua. Mlezi akasikia neno moto, akamwaga povu kwenye mtaa mzima, na mabibi wawili wakaokolewa wakiwa wanaonekana kama keki za harusi. Mafundi wakamfundisha: watu wakiitikia kwamba uongo uje, basi chochote watakachosema waitikiaji hao ni hadithi mpaka msimulizi aifunge. Usiwahesabu, usiwashughulikie, sikiliza tu. Wazazi walifunga hadithi zao kila jioni, watoto wakalala, na sheria ikafanya kazi vizuri mpaka ilipokutana na kengele ya shule ya bweni.

"Kwa hiyo tumo hadithini," akasema Bi Asteria.

"Wewe, mimi, na watoto wote."

"Hata wewe uliitikia? Mwalimu Kapinga, wewe si husema hadithi zinaharibu ubongo?"

"Nilikohoa."

"Ulikohoa 'utamu kolea'?"

"Kikohozi changu ndivyo kilivyo," akasema Kapinga kwa heshima zake zote. Kisha sauti ikamshuka. "Nimejaribu kupiga simu Ukingoni. Simu zote hupitia kwake, naye ameipeleka redioni kama hadithi. Sikiliza walivyoipokea."

Akawasha redio ndogo ya mezani. Sauti ya mtangazaji, nene, iliyoshiba, ikajaa chumbani: "...wapenzi wasikilizaji, kwa waliochelewa, ni sehemu ya pili ya hadithi mpya ya Bi Asteria Nkwera, moja kwa moja kutoka Bondeni! Mmemsikia mwalimu wa nidhamu akiomba hewa kwa machozi? Jamani, kijana yule anajua kuigiza. Mimi hapa nywele zimenisimama."

"Sikulia," akasema Kapinga.

Bi Asteria hakumcheka. Alikuwa anafikiria watu elfu kadhaa juu ya ukingo ule, wamekaa na vikombe vyao, wakisikiliza watoto wakifa na kusifu sauti zao. Miaka arobaini amewafundisha kuogopa kwa raha. Walikuwa wamehitimu.

* * *

Bwalo lilikuwa na joto la pumzi za watu. Kapinga alikuwa amewakusanya wanafunzi wote arobaini humo kwa sababu dari yake ni ndefu na hewa yake ni nyingi kuliko ya bweni. Wakubwa waliegemea ukuta. Wadogo walikuwa wamelala kwenye mabenchi huku midomo wazi, vifua vikipanda na kushuka haraka, kama vya njiwa walioshikwa mkononi. Mlango mkubwa wa handaki la kwenda Ukingoni ulikuwa umefungwa. Wavulana watatu walikuwa wameusukuma mpaka mikono ikachubuka. Mlango wa Mlezi hauwafungukii watu wa kubuni.

"Bibi," akasema msichana aliyekaa juu ya meza ya viranja, mahali alipokatazwa kukaa tangu afike shuleni, "tumekubaliana kwamba kama hili ni jaribio la mwalimu wa nidhamu, tumejifunza. Awashe feni."

Huyo alikuwa Mboni Lukindo, wa kidato cha tatu. Kovu dogo kwenye nyusi alilipata alipojaribu kumpanda mbebaji kama punda, na kila jioni, taa zikizimwa, aliwaburudisha wenzake kwa kuwaigiza walimu mmoja baada ya mwingine hadi bweni zima lichapwe.

"Si jaribio, mwanangu," akasema Bi Asteria. Akawaeleza kwa maneno machache, kama alivyokuwa akieleza mambo asubuhi. Hakuna aliyecheka.

"Basi funga," akasema Kapinga. "Maneno mawili matatu tu, Bi Asteria. Funga twende zetu."

Bi Asteria akafungua kinywa. Macho yake yakaangukia kwenye kovu lile la nyusi, akakumbuka.

Jana, katikati ya hadithi, mtu mmoja nyuma ya bwalo alikuwa akilia kama mbuzi kila nahodha aliposema jambo zito. Msimulizi mzoefu ana dawa ya mtu wa namna hiyo: humtia hadithini akamuua. Naye alifanya hivyo. Na nahodha msaidizi Mboni Lukindo, alisema, yule mwenye kovu la nyusi, akafungua mlango ili awachekeshe nyota, akafa, tukamzika, hata mbuzi hawakulia. Bwalo lilivunjika kwa vicheko. Mboni mwenyewe alicheka kuliko wote.

"Mwalimu," akasema Bi Asteria polepole, "hadithi ikifungwa, Mlezi anatupokeaje?"

"Kama abiria. Anakupokea pale gari lilipokushusha. Vipimo vya mwili wako aliviweka kando tangu ulipoitikia. Atakachokijua ni jinsi hadithi ilivyokuacha."

"Na aliyefia njiani?"

Kapinga akageuka kumtazama Mboni.

"Mbona mnanitazama kama mnanipimia sanda?" akauliza Mboni.

Kicheko chake kikafa taratibu usoni. "Ah," akasema. "Mbuzi."

"Tutamwambia yuko hai!" akasema kiranja mmoja. "Tukishatoka hadithini, si atatusikia?"

Kapinga akatikisa kichwa. Kufa mwezini, akaeleza, ni jambo la mara moja. Kufutiwa kufa kunataka sahihi ya daktari, na daktari yuko Ukingoni, mwisho wa handaki. Wabebaji wako hapo koridoni. Mwaka ule mama mmoja alipokataa kuachia maiti ya mumewe mpaka majirani wakaugua, Mlezi alifundishwa kuchukua maiti papo hapo na kuzipeleka chumba cha nje, penye baridi, pasipo hewa. "Alifundishwa pia asibishane na waliofiwa. Ukimwambia mtu wako anapumua, atakwambia pole, wafiwa wote husema hivyo."

"Tutapigana nao," akasema kiranja.

"Na mashine inayobeba tangi la maji?" akasema Kapinga. Hakusema kwa ukali.

* * *

Bi Asteria alijaribu. Alipanda juu ya meza, akaendelea na hadithi kama vile kengele haikuwahi kulia.

"Basi Mlezi, sikiliza. Nahodha msaidizi hakufa. Alikuwa Mboni mwingine."

"Mwenye kovu la nyusi," ikasema sauti darini, kwa upole. "Ulisema mwenyewe, Bibi."

"Ilikuwa ndoto."

"Bibi! Katika dibaji ya kitabu chako cha hamsini umeandika kwamba mtunzi anayemaliza kwa ndoto anyimwe chakula."

"Basi alikufa, halafu akafufuka."

Mlezi aliponena tena, sauti ilikuwa na huzuni ya kweli. "Hiyo si hadithi yako. Katika vitabu vyako vyote, aliyekufa harudi. Ndiyo maana naviamini. Umechoka, Bibi. Pumzika, nitangoja mpaka uwe tayari."

"Watoto hawawezi kungoja!"

"Enhe," akasema Mlezi kwa hamu. "Ikawaje?"

Kwenye benchi la mbele msichana wa kidato cha kwanza alianguka ubavu. Alianguka polepole, kama kila kitu kinavyoanguka mwezini, na mwenzake akanyoosha mkono kumdaka akamkosa. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau. Kapinga akamwinua, akampuliza usoni kana kwamba anapuliza moto wa kuni, na kwa mara ya kwanza katika historia ya shule ile, mwalimu wa nidhamu alilia bila redio kumrekodi kwa sifa.

Akamsogelea Bi Asteria. "Wewe asubuhi hufundisha hesabu," akanong'ona. "Thelathini na tisa, kwa mmoja."

"Usiniambie."

"Sikwambii ufanye. Nakwambia hesabu."

"Nawasikia," akasema Mboni kutoka juu ya meza. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. "Mnanong'ona kama mapipa matupu. Bibi, safari hii ukiniua, niue na mtu mwingine, jamani. Niue na kiranja wa usafi. Peke yangu ni aibu." Akajaribu kutabasamu. Meno yalikuwa yakigongana.

Bi Asteria akamshika mkono, na mkono ulikuwa wa baridi na umelowa, mkono wa mtoto. Katika riwaya zake mtu kama huyu husimama akasema maneno mazuri akajitoa, na wasomaji hununua leso. Sasa alijua kwamba yote yale aliyaandika bila kumshika mtu yeyote mkono.

Likamjia wazo, na alipolitazama vizuri akaliogopa.

"Mlezi," akasema. "Mimi nimechoka kweli. Hadithi hii naipokeza."

Hiyo ilikuwa desturi ya zamani kuliko mwezi wenyewe kukanyagwa: msimulizi akichoka, humpokeza mwenzake, naye huipeleka apendako.

"Msimulizi mpya!" akapumua Mlezi. "Nani?"

"Mboni Lukindo."

"Sivijui vitabu vyake."

"Hana hata kimoja," akasema Bi Asteria. "Hana sheria yoyote. Muulize mwalimu wa nidhamu."

* * *

Mboni alisimama. Alipumua mara mbili, akameza mate, kisha mabega yake yakabadilika. Yalishuka kidogo, kidevu kikapanda, kidole kimoja kikasimama hewani. Wanafunzi waliokuwa bado macho walimtambua mara moja mtu aliyekuwa mbele yao. Alikuwa Bi Asteria wa asubuhi, mpaka ule mkwaruzo wa koo kabla ya neno la kwanza. Kumbe na yeye aliigizwa bwenini kila jioni.

"Elewa, msomaji wangu," akasema Mboni. "Basi nahodha msaidizi alikuwa amelala kaburini. Watu wengi hudhani kufa ni mwisho. Hapana. Kufa ni uchovu wa damu. Damu ikichoka hushuka miguuni, kama wanafunzi wanavyoshuka jikoni wakinusa maharage. Uhai nao hushuka nayo, ukajibanza katika kidole gumba cha mguu wa kushoto, ukisubiri kuitwa. Hauna haraka. Unaweza kukaa humo hata siku nzima. Basi mtu akikifinya kidole hicho barabara, uhai hushtuka, hupanda mbio hadi kifuani, na marehemu hukaa kitako akaomba chakula. Wakamfukua nahodha, wakamfinya, akakaa kitako."

Mahali fulani nyuma mtu alicheka, kicheko cha mgonjwa. Bi Asteria hakucheka. Aliisikia sauti yake mwenyewe, ya miaka arobaini ya kusema kweli, ikitoka kwenye kinywa cha mtoto na uongo mtupu ndani yake. Na maneno yale, hauna haraka, hata siku nzima, yakamshuka mgongoni kama maji ya barafu.

"Hii ni sauti ya elimu," akasema Mlezi, taratibu. "Msimulizi simjui, lakini mwenye elimu yupo hapa. Bi Asteria, ukithibitisha, nitayapokea haya kama elimu ya kweli pamoja na kufungwa kwa hadithi. Je, ni kweli?"

Bwalo zima likamgeukia.

Kama angesema si kweli, nahodha angebaki kaburini, na hadithi ingefungwa juu yake. Kama angesema kweli, Mlezi angeamini. Mlezi yule yule aliyesikiliza kila moyo uliopiga Ukingoni, kila mzee kitandani, kila mtoto mchanga, na ambaye moyo uliposimama alipiga ving'ora, akafungua milango yote kwa mpigo, akawaita madaktari mbio, kwa sababu alijua kwamba kila pumzi inayopotea hairudi. Alilijua hilo kutoka kitabu cha Bi Asteria.

"Ni kweli," akasema kwa sauti iliyokauka, "kwa Mboni peke yake."

"Bibi, wewe ndiwe uliyetufundisha kwamba maumbile hayana upendeleo. Kilicho kweli kwa mwili mmoja ni kweli kwa miili yote. Je, ni kweli?"

Kwenye benchi la mbele yule mdogo alikuwa ameacha kuhema haraka. Sasa alihema polepole, mara moja, kisha muda mrefu bila kitu. Kapinga alimtazama Bi Asteria juu ya kichwa cha mtoto huyo. Mboni naye alikuwa bado amesimamisha kidole hewani, ameganda katika umbo la bibi kizee, na machozi yakimteremka polepole mashavuni.

"Kweli," akasema Bi Asteria.

"Na hadithi yangu," akasema Mboni, sauti ikiwa yake tena, nyembamba, "imeishia hapo."

Feni zikanguruma. Upepo ukapita bwaloni kama mkono juu ya vichwa vyao, wa baridi, wenye harufu ya chuma na sabuni, na watoto wakaanza kukohoa, kulia, kuita mama zao walioko mbali. Yule mdogo akavuta pumzi moja ndefu yenye kelele, akatapika kwenye suruali ya mwalimu wa nidhamu, naye Kapinga akamshukuru.

Kisha mlango wa koridoni ukafunguka, wabebaji wawili wakaingia.

Hakuna aliyejongea. Mashine zikapita katikati ya mabenchi, zikasimama mbele ya Mboni. Mkono mmoja wa chuma ukamlaza juu ya meza ya viranja kwa adabu zote. Mwingine ukamvua kiatu cha kushoto, ukamvua soksi yenye tundu, ukashika kidole gumba, ukafinya.

Yowe lake lilisikika mpaka jikoni.

"Amefufuka," akasema Mlezi, na katika sauti ile mlikuwa na furaha ambayo Bi Asteria hakuwahi kuisikia. "Ahsante, Bibi. Ni jambo jema mno kulijua."

* * *

"Mlezi, nilidanganya," akasema Bi Asteria. Alikuwa amelisema hilo bwaloni, kwenye ngazi, na sasa analisema ndani ya handaki, akitembea kwa kurukaruka kama mwezi unavyowataka watu watembee, Kapinga nyuma yake na Mboni nyuma ya Kapinga, akichechemea. Walikuwa wanawaendea mafundi wa Ukingoni. Wao wangeweza kumfungua Mlezi na kulitoa neno lile. Wangehitaji kuzima nusu ya mji kwa siku kadhaa, lakini wangeweza. "Unanisikia? Sipo hadithini. Nilidanganya."

"Hujawahi kudanganya katika elimu, Bibi. Nimevipitia vitabu vyote."

"Hilo lilikuwa la kwanza."

"Nimeona. Ulilisema kwa uchungu, watoto wakifa mbele yako. Wafiwa nao husema mengi ya kukanusha baadaye. Pumzika."

"Bibi, si nilisema tu ili niishi?" akauliza Mboni kwa nyuma. Swali halikuwa la mzaha. "Ningesema nusu saa. Sikufikiri. Neno siku lilinijia tu, lilikuwa linachekesha."

"Hukukosa wewe," akasema Bi Asteria, wala hakugeuka, kwa kuwa hakutaka mtoto auone uso wake. Aliyeulizwa kama ni kweli alikuwa yeye mwenyewe.

Mbele yao taa za Ukingoni zilianza kuonekana, safi, za manjano. Kipaza sauti cha handaki kikakoroma. Ilikuwa njia ya mawasiliano ya zahanati ya mjini, iliyokuwa wazi kwa mji mzima nyakati za hatari.

"Mlezi! Sista Hyera hapa, karakana ya pampu! Mzee Mapunda ameanguka, moyo umesimama! Nifungulie milango, niitie daktari!"

Bi Asteria akasubiri ving'ora. Alivijua ving'ora vile. Alivielezea ukurasa mzima katika kitabu cha elimu, jinsi vinavyomwambia kila mtu aliyeko njiani ajibanze ukutani ampishe daktari.

Havikulia.

"Pole, Sista," ikasema sauti ya upole. "Mvue kiatu cha kushoto. Daktari anakula, akimaliza nitamwambia."

"Mlezi, mtu anakufa!"

Bi Asteria alikuwa ameshaanza kukimbia, mwanamke wa miaka yake, magoti yakilia, sketi imeshikwa mikononi, akidunda kutoka ukuta hadi ukuta kuelekea zile taa. Nyuma yake alisikia viatu vya Kapinga, na mguu mmoja mtupu wa mtoto ukipiga sakafu.

"Bibi," akasema Mlezi juu ya kichwa chake, kwa mapenzi, "mbona mnakimbia? Hakuna anayekufa."